Usigeuke, Baba

Mtu mwenye akili timamu akitaka kumfurahisha mama wa mchumba wake humnunulia kitenge. Shemeji yangu alimnunulia ziwa.

Si lote, mshahara wa afisa mifugo haufiki huko. Alitununulia siku moja tu ya kutembezwa Mbamba Bay: boti ya injini, mwongozaji, visiwa, chakula cha mchana, na ile miwani mikubwa yenye mrija ambayo ukiivaa unaweza kulala kifudifudi juu ya maji ukawatazama samaki wakiwa nyumbani kwao. Sisi tunaishi Mjimwema, Songea. Kwetu maji mengi kupita yote ni yale ya ndani ya simtanki, na humo hakuna samaki, ingawa mwaka jana tulimkuta chura.

Nieleze kwanza kwa nini mtu aingie gharama hizo. Shemeji ametokea Singida, na alitaka kumwoa dada yangu. Baba alishakubali, lakini nyumbani kwetu kukubali kwa Baba ni pendekezo tu. Neno lenyewe ni la Mama, na Mama alikuwa hajalitoa. Hakuwa amemkataa kijana. Kila akiulizwa alikuwa anasema, "Singida ni mbali," halafu anakanyaga cherehani yake kwa nguvu mpaka muulizaji aondoke. Na bila neno lake, wazee wa shemeji wasingeweza kupanda basi kuja kupiga hodi. Dada alikuwa amekonda kwa kusubiri. Mimi nilikuwa nanenepa, kwa sababu shemeji kila akija alikuwa ananihonga maandazi nimseme vizuri.

Baba hakuja ziwani. Alisema hajawahi kuona mahindi yanayojivuna yenyewe. Kwa hiyo tulikuwa wanne: Mama, dada, shemeji, na mimi wa kidato cha tatu, niliyechukuliwa kwa sababu si Baba wala jirani yeyote aliyekubali kubaki na mimi.

Sasa sikilizeni kosa la shemeji. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaketi wakitazamana. Mmoja akimwona mwenzake njiani, anakatisha shambani kama mwizi wa mihogo. Mjini watu wengi wamelegeza mambo haya, lakini Mama ni fundi cherehani, hajazoea kuacha kitu kimelegea. Na huyo ndiye mtu ambaye shemeji, kwa mapenzi yake yote, alimpandisha kwenye boti yenye urefu wa sebule yetu, mahali ambapo pande zote ni maji na hakuna shamba la kukatishia.

"Wewe hukufikiria?" dada alimnong'oneza pale ufukweni.

"Nilifikiria mandhari," shemeji akasema.

Mama alikwenda kukaa nyuma kabisa, karibu na injini, akaupa mgongo mwelekeo wa safari. Shemeji alikaa mbele kabisa, akaangalia mbele. Migongo yao ndiyo iliyokuwa inatazamana. Mimi niliwekwa katikati kupeleka maneno, na kazi hiyo niliipenda kuliko zote nilizowahi kupewa nyumbani.

"Muulize huyo kijana kama amekunywa chai," Mama akasema.

"Shemeji, Mama anauliza kama umekunywa chai, au umetafuna majani kama wagonjwa wako."

Shemeji hakugeuka. "Mwambie Mama nimekunywa, nashukuru. Na majani yalikuwa matamu."

"Mimi sikusema majani," Mama akasema nyuma yangu.

"Mwambie Mama ninajua."

Dada alinifinya paja. Mwongozaji, kijana wa pale pale ziwani, alitutazama mmoja mmoja, kisha akaiwasha injini bila kuuliza. Nadhani alidhani tumegombana.

Tulipofika kwenye maji mengi Mama alichovya kidole, akakilamba.

"Halina chumvi," akasema.

"Mama, hili ni ziwa," mwongozaji akamwambia kwa upole.

"Najua ni ziwa. Nahakikisha."

Kisiwa cha kwanza kilikuwa cha mchanga. Tulishuka, tukapiga picha, Mama akapiga zake upande wa mashariki na shemeji upande wa magharibi, na ndege mmoja, furukombe, juu ya mti akatucheka sote. Kisiwa cha pili ndicho kilichokuwa na kazi. Kilikuwa mawe matupu, makubwa kama nyumba, yameingia ndani ya maji mpaka huyaoni. Mwongozaji alisema samaki wenyewe wanaishi hapo, kati ya mawe. Akatugawia majaketi ya kuelea, kisha akatufundisha kuivaa miwani.

"Kwanza unatema mate ndani ya kioo, unasugua, unasuuza. Hapo hakiingii ukungu."

"Mate ya nani?" Mama akauliza.

"Yako mwenyewe, Mama. Huwa hatuazimani."

Mimi na dada tuliingia. Sitajifanya shujaa: nilishikilia kamba ya boti kama mbuzi aliyefungwa. Lakini nilipoweka uso ndani, nilisahau hata kuogopa. Kulikuwa na samaki wa buluu kama wino, wengine wa njano, wengine wenye mistari kama pajama la Baba, na wote walikuwa na shughuli. Wanafukuzana, wanachungulia mashimoni, wanadonoa mawe. Ilikuwa kama soko letu siku ya Jumamosi, isipokuwa hapa hakuna aliyekuwa anapunjwa.

Mwongozaji alinionyesha mmoja aliyetulia kando na mashavu yamevimba. Tulipoinua vichwa alitueleza kuwa yule ni mama, na watoto wake wamo mdomoni. Hali chakula, anawalinda humo mpaka wawe na akili ya kujitegemea.

Nikampelekea Mama habari hiyo kule botini, kwa sauti, bila kuongeza chochote.

"Kumbe kuna wanaojua faida ya kufunga mdomo," Mama akasema huku akinitazama. Kisha akavua viatu. "Nipe na mimi hiyo miwani."

Nilimwona shemeji kwa nyuma. Masikio yake yalisimama. Tulikuwa tumepanga kila kitu safari ile isipokuwa Mama kuingia majini. Mama mkwe aliyelowa, kitenge kimemshika, mbele ya mkwe. Hata Baba, angekuwepo, angeanza kuvuna mahindi ya wengine.

Shemeji hakusubiri kuambiwa. Alishuka kwenye boti na jaketi lake, akavuka maji ya magotini hadi kwenye jiwe moja, akasimama akiwa ameelekea milima ya Umatengo kwa adabu kama askari wa gwaride. Hajui kuogelea. Kwao Singida, alivyoniambia siku moja, mtu akiona maji anachota kwanza, maswali baadaye.

Mama akaingia. Alivaa fulana ya kwaya, suruali ya michezo ya dada, na juu yake kitenge, kwa sababu suruali peke yake alisema ni uchi wenye mifuko. Kitenge kilifunguka juu ya maji kama mwavuli. Aliweka uso ndani, akatulia, na baada ya muda tukasikia sauti inatoka kwenye mrija. Mama ni sauti ya pili kanisani, na akifurahi hawezi kujizuia. Alikuwa anaimba wimbo wa shukrani kwa kuguna, na kwa kupitia mrija ule sauti ilitoka kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

Nikacheka. Nawaambieni, kicheko na mrija havikai katika mdomo mmoja. Nilikunywa ziwa, nikakohoa, nikakunywa jingine, nikaachia kamba na kumkumbatia mwongozaji shingoni kwa mapenzi ambayo sijawahi kumwonyesha mtu. Alinikokota hadi botini, akaniinamisha ukingoni, na nikaanza kurudisha ziwa mahali pake.

Ndipo shemeji aliposema, "Mama anakwenda."

Hakuna aliyemsikiliza. Dada alikuwa ananipiga mgongoni.

"Ninyi. Mama anakwenda. Alikuwa mkono wangu wa kushoto, sasa yuko nyuma kabisa, na sauti inapungua."

Wote tuligeuka isipokuwa yeye. Kweli, Mama alikuwa amemfuata samaki fulani akapita pembe ya jiwe kubwa, upepo ukampokea, na sasa alikuwa anaelea kuelekea ziwa lenyewe, uso ndani ya maji, anaimba. Dada alimwita. Masikio ya Mama yalikuwa majini. Mwongozaji naye nilikuwa bado nimemshika shati, na sikuwa tayari kuliachia kwa ajili ya mtu yeyote, hata mzazi.

Shemeji alinyoosha mkono pembeni. "Nipeni kasia."

Dada akamrushia. Akaliokota, na akaingia majini kinyumenyume.

Sijawahi kuona kitu kama hicho na sidhani nitaona tena. Alikwenda mgongo mbele, uso ametuelekezea sisi, macho yamekodoka. Maji yalifika kiunoni, kifuani, kisha jaketi likamnyanyua na miguu ikakosa pa kukanyaga. Akaanza kurusha mateke kama ndama anayezaliwa. Kasia alikuwa amelipitisha begani, ncha imeelekea nyuma.

"Kulia," dada alimwongoza. "Kulia kwako. Hapana, ule mwingine."

"Nina mmoja tu wa kulia," akasema, akameza maji.

Ncha ya kasia ikamgusa Mama begani. Wimbo ukakatika. Mama aliinua uso, akatazama chini, na nilijua alichokiona, kwa sababu hata kutoka botini maji ya pale yalikuwa yamebadilika rangi: mawe yalikuwa yameisha, chini ni weusi tu. Akatazama boti, ilivyokuwa mbali. Nilimwona Mama yangu akiogopa, na hapo sikupata hata utani mmoja wa kusema. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa mkwe na ubao wa kasia. Akashika ubao.

Shemeji akaanza kuvuta. Kasia lilikuwa limelowa, likamteleza kidogo.

"Kaka, geuka umshike mkono," mwongozaji akapiga kelele huku akinibandua.

Shemeji alisita. Niliona shingo yake inaanza kugeuka, inarudi, inaanza tena. Mtu asiyejua kuogelea, katikati ya ziwa, anapima kipi kibaya zaidi, kumwachia mama mkwe au kumtazama. Dada alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili.

Mama ndiye aliyeamua. Alimsemesha mwenyewe, bila mimi, kwa mara ya kwanza tangu walipofahamiana.

"Usigeuke, baba. Nimeshika. Vuta tu."

Akavuta. Alikohoa, alipiga chafya, alimtaja mtakatifu mmoja baada ya mwingine, wengine nadhani aliwabuni, lakini shingo haikusogea. Mwongozaji aliwafikia wakiwa karibu na mawe, akamshika Mama, na dada akaingia na khanga mbili kumfunika. Shemeji alipanda jiwe lake, akaendelea kuitazama milima, meno yanagongana.

Nilimfuata. "Shemeji, umemvuta Mama kama ndama."

"Ndama hupiga mateke," akasema. "Mama hakupiga."

Chakula tulikula kwenye ufuko mdogo wa kisiwa hicho hicho. Mwongozaji alichoma mbasa, samaki wa humo humo ziwani, ugali ulikuwa wa muhogo. Shemeji alikwenda kukaa upande wa pili wa boti iliyovutwa mchangani, kwa kuwa mkwe hali mbele ya mama mkwe, hata kama saa moja kabla walikuwa wameshikilia kasia moja. Dada hakugusa sahani yake. Alikuwa anamtazama Mama mikono, midomo, hata namna alivyoutoa mwiba. Mama alikula polepole sana, nadhani makusudi.

"Mama," nikasema, "nimpelekee ujumbe gani?"

"Mpelekee samaki. Ujumbe wako umenichosha."

Alichagua kipande cha katikati, kile ambacho nyumbani ni cha Baba na hakuna anayekijadili. Nilikipeleka, nikarudi. Mama alinawa, akajifuta, akaliangalia ziwa upande usio na boti.

"Wewe kijana," akasema kwa sauti ya kufika mbali.

Shemeji akajibu kutoka nyuma ya boti. "Naam, Mama."

"Hao wazee wako wanaiweza baridi ya Songea?"

"Hawaiwezi, Mama."

"Basi waambie wakija wavae makoti. Tukimaliza kuvuna tutakuwa nyumbani." Akakusanya mifupa kwenye sahani. "Na Krismasi mtakuwa mnakuja kwangu. Au unataka nianze kuwafuata huko Singida na mrija?"

Nyuma ya boti kukatoka kikohozi, kisha kikohozi kikubwa zaidi. Kipande cha Baba kilikuwa kimekataa kushuka. Dada alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akajikuta amekula samaki wangu. Mama, bila kugeuka, akaniambia niende nikampige mgongoni kabla hajatufia, nami nilikwenda mbio, nikampiga hata alipokuwa ameshapona.