Mifupa ya Bi Una

Una Kilgariff alikuwa na miaka sabini na minne, ng'ombe mia moja na ishirini, na siri moja. Umri alikuwa hauonei haya, ng'ombe hawafichiki, lakini siri aliitunza kuliko mali yote: mama huyu aliyekamua miaka hamsini na mbili kwenye vilima vya Gippsland alikuwa hanywi maziwa. Tumbo lake lilikuwa haliyataki. Glasi moja tu, nusu saa haijapita linamsokota, linanguruma, linampeleka chooni mbio akipapasa ukuta.

Sasa kwetu Corrigan, mji wa wafuga ng'ombe, mtu wa namna hiyo utamweka wapi? Pembeni ya kila tangi la maziwa kuna kikombe kimetundikwa msumarini, na asubuhi, kukamua kukiisha, kila mtu wa nyumba huchota, hunywa, ndipo anakwenda mezani. Usipokunywa, watu wanakuuliza maziwa yako yana nini. Perce, marehemu mume wa Una, alikuwa akisema, "Mimi siuzi kitu nisichokinywa," huku akiwakagua mmoja mmoja kama polisi wa barabarani. Una alichota chake, akatoka nje eti anaangalia kama mvua inakuja, akakimiminia paka. Gippsland mvua haikosi kuja, kwa hiyo kisingizio hakikumwishia. Paka walinenepa, wakafa kwa uzee, wakaja wengine, nao wakanenepa.

Yeye alikula nini? Alikula chakula cha kasuku. Msicheke. Alikuwa na kasuku mweupe wa kishungi aitwaye Brigedia, na kila mwezi alimnunulia mbegu za alizeti na ufuta kwa Neville Treloar, mwenye duka la vyakula vya mifugo. Siku moja alionja. Kesho yake akaonja tena. Mwishowe akawa anazikaanga mbegu kidogo, anazisaga, anazichanganya na asali na kupaka mkate, na tumbo likanyamaza kimya. Brigedia alikufa. Gunia halikufa.

"Kasuku hajambo, Bi Una?" Neville alimuuliza kila alipompakilia.

"Anakula kama kambi nzima ya jeshi."

"Gunia zima kwa mwezi! Huyo ndege au farasi?"

"Ana njaa, Neville. Pakia, twende zetu."

Brigedia wakati huo alikuwa ana miaka sita chini ya mti wa waridi.

Maisha yangeendelea hivyo hivyo hadi kaburini lau si gari la kupima mifupa. Lilikuja mjini, likaegeshwa nje ya ukumbi, na wanawake wote waliopita miaka sitini wakapanga foleni. Una alipolala kwenye kitanda cha mashine, nesi, dada mmoja mpole aitwaye Philippa, aliangalia picha, akaangalia cheti cha kuzaliwa, akaangalia picha tena.

"Mama, mifupa hii ni ya mtu wa miaka arobaini. Unakunywa maziwa kiasi gani kwa siku?"

Pazia lilikuwa jembamba. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya wanawake wa Corrigan, na wote, kwa bahati mbaya, walikuwa wamenyamaza ghafla.

"Kama kila mtu," Una akasema.

Jamani, neno moja! Jioni hiyo habari zilikuwa zimefika kiwanda cha siagi. Wiki ile ile meneja wake, Garth Lovegrove, mtu wa tabasamu pana na viatu visivyowahi kukanyaga samadi, alikuja na mpiga picha. Mwezi haukuisha, sura ya Una ikawa imebandikwa kwenye malori yote ya kubebea maziwa, shavu jekundu, glasi mkononi, na maandishi makubwa: MIAKA 74. MIFUPA YA MIAKA 40. ASANTE, MAZIWA. Glasi ile ilikuwa na chokaa ya kupaka ukutani, maana mpiga picha alisema maziwa yenyewe hayapendezi pichani. Una alicheka peke yake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kicheko kilimkatika jikoni. Mwanawe Desmond, aliyerithi shamba na sauti ya baba yake, alikuwa amebandika picha ile kwenye friji, na chini yake amemsimamisha binti yake Tamsin, wa miaka kumi na mitatu, na kikombe kimejaa.

"Muone bibi yako! Unamuona? Kunywa."

"Baba, yananiumiza tumbo."

"Yanakuumiza au unakwepa shule? Mtoto wa Kilgariff ashindwe na maziwa, watu watanielewaje mimi?"

Tamsin alikunywa. Alikuwa akinywa hivyo tangu ana miaka kumi, tangu baba yake alipoanza kumsimamia mwenyewe. Kila asubuhi baadaye Una, ambaye chumba chake kimepakana na choo, alimsikia. Anaijua sauti ile. Anaijua hata namna mtoto anavyofungulia bomba ili asisikike, kwa sababu na yeye zamani, kabla ya kuanza kuwapa paka, ndivyo alivyokuwa akifanya. Shuleni walimu walishaandika kwamba binti ana visingizio, anaomba ruhusa ya kutoka kila kipindi, na Desmond alikuwa amemkataza kwenda kulala kwa rafiki zake mpaka "ajirekebishe". Na sasa kulikuwa na ushahidi kwenye friji, na ushahidi wenyewe ulikuwa uso wa bibi yake.

Una alimpigia simu nesi Philippa, akajifungia stoo ya viazi, akamwaga yote. Paka, Brigedia, gunia, yote.

Nesi alicheka hadi akaomba radhi. "Basi sikiliza, mama. Ukiweka gramu kwa gramu, ufuta usiomenywa una kalsiamu mara nyingi kuliko maziwa. Lakini nani anakula bakuli la ufuta? Vijiko vitatu vinne ndiyo glasi moja, tena kwenye karatasi tu, maana ya kwenye ufuta mwili haupokei vizuri kama ya maziwa. Mbegu zinakupa chuma, zinakupa mafuta mazuri, vitu ambavyo maziwa yanavyo kidogo sana. Maziwa nayo yana vitamini B12, na mbegu hazina hata chembe."

"Sasa hiyo mimi naipata wapi?"

"Unakula mayai? Nyama?"

"Kama simba."

"Ndiyo hapo."

"Kwa hiyo mifupa yangu ni ya ufuta," Una akasema, na moyoni alishaanza kuona malori yamepakwa picha ya kasuku.

"Ufuta umesaidia. Lakini umebeba ndoo ngapi maishani?"

Una alipiga hesabu. Ndoo mbili za maziwa ya ndama, asubuhi na jioni, kupanda kile kilima, miaka hamsini na mbili.

"Basi mifupa yako imejengwa na maziwa kweli," nesi akasema. "Uliyoyabeba. Sasa huyo mjukuu apumzishwe maziwa, apelekwe akapimwe. Mwambie baba yake."

"Ataniuliza nimejuaje."

"Si umwambie umejuaje."

Rahisi kusema ukiwa mjini. Una alipanga kumwambia Desmond Jumatatu, Jumatatu ikawa na mvua ya mawe. Alhamisi ng'ombe alizaa vibaya. Wiki mbili zikapita, na bomba la chooni lilifunguliwa kila asubuhi.

Ikafika siku ya maonyesho ya kilimo. Hapo Corrigan tuna jambo letu: ng'ombe bingwa hukamuliwa palepale uwanjani, na mzee aliyeteuliwa hunywa glasi nzima kwa mkupuo mmoja huku watu wakihesabu kwa sauti. Rekodi ilikuwa sekunde tano, ya Perce. Mwaka huo mteuliwa, bila shaka, alikuwa Una. Alipanda jukwaani, akamuona Tamsin mstari wa mbele kati ya watoto waliogawiwa kila mmoja pakiti yake ya maziwa, uso umempauka, pakiti haijafunguliwa. Desmond alisimama nyuma yake, mkono begani kwa mtoto.

Una akaomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sijameza maziwa tangu nimzae huyu Desmond. Tumbo langu linayakataa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Nasema kweli! Nilikuwa nawapa paka. Mimi ninakula mbegu za kasuku."

Watu walishikana mabega kwa kucheka. Neville Treloar alipiga kelele, "Ndiyo maana gunia haliishi!" na akapigiwa makofi. Garth Lovegrove alijifuta machozi, akachukua kipaza sauti, akasema, "Bi Una na mizaha yake! Haya, tuhesabu!"

Una aliwatazama. Hasira zilimpanda. Miaka yote amesema uongo wakamwamini bila hata kumuuliza swali, leo anasema kweli wanamcheka! Desmond mwenyewe alikuwa anacheka, na alipocheka alimtikisa Tamsin bega, eti unamsikia bibi yako. Tamsin hakucheka.

Haya basi, Una akawaza, kama mdomo hauaminiki, litasema tumbo. Akaishika glasi, akaigida. Sekunde nne. Wakarusha kofia.

Walimketisha kiti cha heshima kando ya meneja, mashindano ya kukata magogo yakaanza. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa za amani. Kisha tumbo likanguruma, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mezani mbele yake, lilisikika mpaka kwenye banda la keki. Meneja akasogeza kiti. Una akasimama, akakaa, akasimama tena, akashuka jukwaani akikimbia kana kwamba hana miaka sabini na minne. Alifika nyuma ya mabanda ya ng'ombe, na hapo yakamtoka yote.

Kule uwanjani walishatangaza kwamba watu waache kununua pai za nyama.

Desmond alimkuta amepiga magoti, amejishikilia kwenye uzio. "Mama! Ni zile pai?"

"Pai sijala. Ni maziwa."

"Maziwa yana nini?"

"Hayana kitu, ni mazuri. Mimi ndiye siyawezi, Desmond. Sijayaweza tangu ulipozaliwa, nikaona aibu kumwambia baba yako, nikaona aibu kukwambia wewe."

Desmond aliufahamu mkao ule wa mama yake, kichwa chini, jasho shingoni, mkono tumboni. Alikuwa amemwona mtu mwingine amekaa hivyo, mara nyingi, na kila mara alimwambia aache maigizo. Akageuka. Tamsin alikuwa amewafuata, pakiti yake bado mkononi. Desmond akaichukua.

"Usinywe," akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Nilikuambia mara ngapi, Baba?"

Desmond akavua kofia, hakujua aiweke wapi.

Una alimnyooshea mjukuu wake mkono. Alitarajia kukumbatiwa, kwani si amejiaibisha mbele ya wilaya nzima kwa ajili yake? Tamsin hakusogea.

"Na wewe Bibi, ulikuwa unanisikia kule chooni."

"Nilikuwa nakusikia, mwanangu."

"Na ulijua ni nini."

"Nilijua."

"Miaka yote mitatu?"

"Yote," Una akasema, na neno hilo lilimuuma kuliko tumbo.

Tamsin akatoa chupa ya maji kwenye mkoba wake, akachuchumaa, akamshikisha mkononi.

"Kunywa kidogo kidogo. Ukigida yatarudi. Halafu ulalie ubavu wa kushoto na usiongee na mtu saa nzima. Mimi ndivyo huwa nafanya."