Utani Niliomfanyia Mkata Nyasi

Mimi ni Mzaramo, na katika shule ya sekondari ninakofundisha fizikia, hapa Tabora, mkata nyasi ni Mnyamwezi. Tangu zama za misafara, babu zake walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na babu zangu wakiwapokea, sisi ni watani. Ana umri wa baba yangu. Shikamoo yangu ya asubuhi huipokea kwa kuniuliza kama nimeamka mwenyewe au nimeamshwa na harufu ya papa. Nami humjibu. Mtani hakasiriki, ndiyo sheria yenyewe, na niliipenda, kwani nilikuja mgeni na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunichekesha.

Likizo ya Juni niliisafisha kabureta ya mashine yake ya kukatia nyasi. Sikuombwa. Nilitaka kuonyesha kwamba elimu ya chuo inaweza kushika spana. Shule ilipofunguliwa akaniambia, "Mwalimu, kishikio cha eksileta kimeharibika. Nakirudisha mpaka mwisho, injini haipoi, inazidi kunguruma. Waya umekuwa kama mfupi."

"Waya haufupiki, mtani. Punguza nguvu. Hiyo si pembe ya ndovu aliyobeba babu yako."

Alicheka, akaenda zake. Baada ya wiki mbili kishikio kilimkatikia mkononi.

Jambo hilo lilifika kwenye kikao cha wafanyakazi. Mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, aliuliza kumetokea nini. Mkata nyasi akaeleza habari ya waya. Macho yote yakanigeukia mimi, mwenye shahada.

"Mnyamwezi mpe mzigo, mama," nikasema. "Ukimpa kitu cha kushika kwa vidole viwili, atakivunja."

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye pia alicheka, angefanya nini? Mkuu wa shule hakucheka, aliandika. Kesho yake mkata nyasi alipewa fyekeo na kuelekezwa uwanja wa mpira. Mashine ikipona, aliambiwa, itashikwa na mtu mwingine.

Kuitengeneza nilikabidhiwa mimi. Waya wa eksileta hupita ndani ya mrija, na mrija huo hushikwa kwenye injini na kibanio kidogo cha bati. Nilipokilegeza nikaona alama mbili juu ya mrija: moja ya zamani, iliyochakaa mpaka ikang'aa; na nyingine mpya, upana wa kidole kando yake. Hiyo mpya ilikuwa yangu. Siku ya kusafisha kabureta niliubana mrija mahali pasipo pake, na kwa sababu ya upana huo wa kidole kishikio kilifika mwisho kabla mafuta hayajapungua. Ili injini ipoe, ilimbidi akilazimishe. Aliniambia kweli tupu, nami nikamjibu habari za ndovu.

Nilifunga kishikio kipya pamoja na waya na mrija wake mpya, nikaubana mrija kwa kipimo cha ile alama ya zamani, nikawasha. Injini ilipanda na kushuka kwa utii. Nilipoizima nikasikia fyekeo likipiga nyasi uwanjani, likinyamaza, likipiga tena. Hakuna mwingine aliyeziona zile alama. Mrija wa zamani niliufungia kwenye droo yangu siku mbili. Siku ya tatu niliingia kwa mkuu wa shule, nikaomba mkata nyasi aitwe.

"Mama, kosa la mashine lilikuwa langu," nikaanza.

"Usimsikilize, mama!" mkata nyasi akadakia akicheka. "Lini mla papa akakiri kosa? Huyu ana njaa, anatafuta kualikwa kwangu."

Mkuu wa shule akatabasamu. Nikauweka mrija wa zamani mezani.

"Leo si utani, baba." Sikuwahi kumwita hivyo. Nikawaonyesha alama zote mbili, moja baada ya nyingine.

Kicheko kikamtoka usoni polepole. Akaushika mrija, akapima kwa kidole chake, akaurudisha.

"Kumbe unajua kusema si utani," akaniambia. "Mbona siku ile hukusema?"

Siku ile sikujua habari ya alama, hilo ni kweli. Lakini nilijua kwamba sikuwa nimekwenda kutazama.

Mkuu wa shule akaamuru mashine irudi mikononi mwa mkata nyasi siku hiyo hiyo. Mzee akashukuru, ila hakuondoka.

"Mashine sawa, mama. Lakini nilivunjiwa jina mbele ya watu. Naye aseme mbele ya watu."

Katika kikao kilichofuata nilisimama. Nilipotamka tu "mtani wangu" wakaanza kucheka, wakiusubiri mzaha. Nikangoja mpaka wakatulia, nikaanza upya, tangu siku ya kabureta. Mara hii walicheka wawili tu. Mkata nyasi alisimama karibu na mlango, akinitazama mdomoni mpaka neno la mwisho.