Zamu Yangu ya Maji

Msimu wa tatu wa ukame ulinikuta sina hamu hata ya kushika jembe. Nasema wazi, maana nimewasikia wenzangu wa Suji, kijiji chetu cha mlimani, wakihadithia miaka ile ya ujamaa kana kwamba sote tulikuwa mashujaa. Mimi sikuwa shujaa. Nilipanda mbegu zetu za mwisho kwa sababu mama mkwe alikuwa ananitazama. Mume wangu alikuwa ameshateremka tambarare kutafuta kibarua cha mkonge. Mahindi yale yasipozaa, mimi na watoto tungemfuata, na habari ya kulima mlimani ingeishia hapo.

Kwetu maji ya kumwagilia hutoka ndivani. Ndiva ni bwawa la udongo linalokinga maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, yakateremka mferejini hadi shamba la mwenye zamu. Kila mwaka hujaa tope, na kulizoa ni msaragambo, kazi ya wote, kila kaya inatoa mtu wa siku moja. Asiyezoa tope hana zamu. Sheria hiyo haikuhitaji katibu wa kijiji wala karatasi.

Siku ya tope nilijifunika khanga nikalala. Ya nini kujichosha kwa mahindi yatakayokauka? Mama mkwe alipita mlangoni, akaniita mara moja tu, akaenda zake. Moyoni nikamwita king'ang'anizi.

Mahindi nayo yakanikomoa. Yaliota vizuri kwa mvua za mwanzo, yakanipita kimo, yakaanza kutoa mbelewele, ndipo mvua ikakata. Majani yakajikunja. Nilishikwa na hofu ambayo sikuwa nayo nilipodhani sina cha kupoteza. Wiki moja zaidi bila maji, basi tena.

Nikaenda kwa mzee mgawa maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Siku ya tope hatukukuona."

"Nilikuwa shamba la ujamaa, baba."

"Shamba lipi hilo? Katibu mwenyewe alikuwa ndivani, tope hadi magotini."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikageuka niondoke.

"Sasa unakwenda wapi? Zamu yako ni Ijumaa. Mkweo alizoa siku mbili. Ya kwanza akasema ya nyumba yake, ya pili ya kwako. Tulimwambia akapumzike, umri umekwenda. Akatutukana."

Nilirudi mbiombio. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungenibishia. Na makelele yako nilikuwa nimeyachoka."

Ijumaa asubuhi maji yaliingia shambani yakiwa mekundu kwa udongo, yakapita mstari kwa mstari. Nilisimama katikati nikalia kwa sauti kama mtoto, wala sikuona haya. Mzigo wa misimu mitatu ulinitoka kifuani. Jioni majani yalikuwa yamekunjuka.

Hatukuhama. Mume wangu alirudi tukavuna pamoja, mavuno ya kutosha kula na kubakiza mbegu. Siku moja tukipukuchua mahindi, nilimuuliza mama mkwe alijuaje kwamba nitakuja kuyataka yale maji.

"Sikujua," akasema, bila kuinua macho. "Nilizoa ili ukiyataka, usiyakose."