Matuta Juu ya Shimo

Nilifika Mwala nikitafuta kazi ya kuchimba kisima, nikakuta kimeshamalizwa. Mama mzee mwenye boma hakutaka niondoke na njaa. Baada ya kula akanipeleka nyuma ya jikoni kunionyesha shimo.

Wajenzi wa barabara walikuwa wamechimba hapo muramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe, kisha wakaondoka na mitambo yao. Hakukuota jani. Kila mvua iliponyesha, ukingo ulimeguka kuelekea nyumbani, na kati ya ukingo na jikoni palikuwa na kaburi la mumewe, limejengewa simiti, na msalaba wa chuma kichwani. Nilipima kwa hatua, nikapata kumi na moja.

"Zilikuwa ishirini na kitu," alisema. "Mimi sitaki mahindi hapo. Nataka tu huyu mzee asianguke."

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Shule niliiacha darasa la sita, nikafuata lori nijue lilikokuwa linaenda. Lakini shimo lile lilinishika.

Mwethya wa pale, kina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, ulikubali kulijaza. Kiangazi kizima tulirudisha shimoni lundo la udongo wa juu ambalo wajenzi waliliacha kando, kwa makarai na kwa mkokoteni wa punda. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, hakuninyima utani hata siku moja; aliniita mwanake, yaani kijana kwa Kikamba.

"Wewe mwanake, uko na bibi kweli?"

"Sina, mama."

"Atakupata wapi? Akiamka umeshafika Kangundo!"

Shimo lilipojaa, wakaanza kuchimba matuta ya fanya juu: mtaro unakatiza mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, maji ya mvua yanasimama hapo yazame. Vilima vyote vya huku vimekatwa hivyo. Kina mama hawa walijifunza mgongoni mwa mama zao.

Mimi nilikuwa nimekumbuka kitu. Niliwahi kubeba maji kwenye mjengo kule Mavoko, na msimamizi alishindilia udongo wa kujazia tabaka baada ya tabaka. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba udongo uliorudishwa hauwi kama ule ambao haujaguswa. Ukinywa maji mengi kabla haujashikana, unadidimia na kuvuta ulio jirani. Nikamwambia mwenyekiti. Nikasema labda maji ya mwaka wa kwanza tuyapitishe pembeni.

Aliegemea jembe akacheka. "Mnamsikia? Amekuja Ukambani kutufundisha kufukuza maji!"

Wote wakacheka, hata mama mzee. Nami nikacheka. Asubuhi ile walikuwa wamesifu mtaro wangu kwamba umenyooka kuliko yote, na sikutaka kuharibu. Sikulisema tena.

Mvua ya kwanza, maji yalisimama nyuma ya kila tuta, mekundu, yametulia. Kina mama walipiga vigelegele. Tukapanda nyasi na miche ya migunga, na mama mzee akaja na kiti chake akakaa karibu na kaburi kutazama.

Ikanyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu tuta la katikati lilikuwa limezama, na miche yake hatukuiona. Ufa ulikuwa umepanda kutoka shimoni hadi kwenye simiti ya kaburi. Mwenyekiti alikuja mbio na mkokoteni wa mawe, wenzake nyuma yake. Hakuna aliyetaniwa. Alichukua beleshi akakata tuta alilolichimba mwenyewe ili maji yatoke, nasi tukakata mengine. Maji yalitoka machache tu. Mengi yalikuwa yameshaingia chini.

Mama mzee alileta karatasi ya nailoni akafunika kaburi, akabana pembe kwa mawe. Kisha akanigeukia. "Wewe umetembea sana. Kwingine wanafanyaje?"

Nilijua wanafanyaje. Wanafanya kabla. Nilimjibu, "Sijui, mama."

Haikuchukua muda. Udongo ulishuka polepole, bila kishindo, na kaburi likashuka nao, upande wa msalaba kwanza. Nailoni ilikatika kwenye mawe ikafuata. Mwenyekiti alishika kichwa kwa mikono miwili yenye tope. Kisha akanitazama.

Mama mzee alisimama pale pale mpaka udongo ulipotulia. Tulingoja alie, au atutukane, angalau tupate kazi ya kumtuliza. Akatazama kando, mkokoteni ulipokuwa bado na mawe yake.

"Mfungueni huyo punda," alisema. "Amenyeshewa."

Nikaenda kumfungua. Kamba zilikuwa zimelowa, mafundo yamekaza, na vidole vyangu havikuyaweza.