Mawe ya Foleni

Shangazi yangu ndiye mwenye ufunguo wa bomba la mtaa wetu, ndiyo maana wanamwita Mama Ufunguo. Maneno yake ni machache, na hayo machache yana pilipili. Kila alfajiri, akienda kulifungua, huzunguka nyuma ya nyumba, kwenye matope na kuku, ilhali njia ya mbele ni kavu. Watu husema anaringa. Hata mimi nilisema hivyo.

Njia ya mbele ndiko iliko foleni. Hakuna anayeacha ndoo nje usiku, maana mwizi hana haya. Kila nyumba huweka jiwe jioni kushika nafasi, na kila mtu analijua lake kama anavyomjua mwanawe.

Kisha wakaja wageni, waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyomfanya shangazi mjane: mumewe alikwenda huko kuuza vitunguu, akarudishwa amefunikwa shuka. Wageni wakapewa uwanja nyuma ya shule wapige kambi, wakaambiwa maji watachota kwetu. Fikiria mwenyewe tulivyowapokea.

Asubuhi moja tukakuta mawe yetu yote yamerundikwa kando. Mbele ya bomba alisimama mama mmoja mgeni, mtoto mgongoni, ndoo miguuni.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, tunayemwita Chuma, akainama akaokota jiwe lake, akaliinua. Wengine wakafuata. Wanaume wa kambini nao wakaja mbio, na mawe hayakosekani mtaani. Wahenga walisema hasira hasara, lakini asubuhi ile hakuna aliyewakumbuka wahenga. Nilijua jiwe moja tu likirushwa, tutazika watu.

Shangazi akatokea nyuma, ufunguo mkononi.

"Mama, kaa pembeni," Chuma akasema. "Hawa ndio waliomuua baba."

Hakukaa pembeni. Akaenda mpaka kwa yule mgeni. "Mwanangu, mawe yetu umeyaondolea nini?"

Yule mama alitetemeka hadi mtoto akaamka. "Nisamehe, mama. Kwetu mawe yakipangwa njiani ni kizuizi. Mbele wapo wenye bunduki. Mume wangu alisimamishwa kwenye mawe kama haya, hakurudi. Nikayaondoa ili watu wapite."

Shangazi akafumba macho.

"Wangu pia," akasema. "Dereva aliyenusurika alinisimulia. Walisimamishwa kwenye mawe." Akamgeukia mwanawe. "Unafikiri kwa nini napita kwenye matope miaka yote hii?"

Mkono wa Chuma ulikuwa bado juu, na wanaume wa kambini hawakuuondolea macho.

"Liweke chini," shangazi akasema. "Nafasi yetu leo ni yake, sisi tutachota mwisho. Na kesho kila mtu alete kopo la kushika nafasi. Mawe sitaki kuyaona njiani."

Ilikuwa kazi kwa Chuma, niliona taya likicheza. Kisha akainama, akaliweka jiwe chini taratibu, kama yai. Tusidanganyane, hakuna aliyepeana mkono na mwenzake. Ila mawe yalianza kushuka, moja hapa, moja kule, na shangazi akafungua bomba.

Asubuhi iliyofuata njia ilijaa makopo ya rangi, ya maziwa, na moja la dawa ya mende. Shangazi alikuja kwa njia ya mbele, viatu vikavu.