Jani la Sale Kwenye Kota za Kiwanda cha Mbao

Nyumba yetu ilikuwa ya kazi. Baba akipanga mbao kiwandani, tunalala chini ya bati. Akikosekana kazini wiki mbili, tunatoka. Enzi hizo za Mwingereza kiwanda kile cha juu ya Olmotonyi kilikuwa kimenona. Kota ziliongezwa safu baada ya safu, bomba likaletwa, na mama, aliyekulia kwenye nyumba ya majani, alifagia sakafu ya saruji hata ikiwa safi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mtu wa Tanga, fundi wa msumeno. Yeye na baba walikuwa hawasalimiani. Mbuzi wetu alitafuna mkeka wake wa kusalia, na baba, badala ya kuomba radhi, akacheka. Baba yangu alikuwa mwema, ila kiburi alikuwa nacho, nami nimerithi.

Kisha gogo likamponda baba mguu. Siku zilipita, mguu umevimba, na mama akaanza kufunga vyombo huku analia. Asubuhi moja alikata jani la sale nyuma ya jiko, akaenda kumkabidhi jirani bila neno. Kwetu Wameru hilo linatosha: umeomba msamaha, na sale halikataliwi. Lakini mtu wa Tanga angejuaje? Alasiri akabisha hodi na birika linalofuka mvuke.

“Jirani, dawa yako hii. Mke wangu ameichemsha ikachemka.”

Mama akajifunika uso kwa kanga. Baba alilitazama birika, akamtazama mama, akaelewa yote. Sale limerudi kwake; angelikataaje? Akanywa kikombe kizima, uso umemkunjamana.

“Nisamehe kwa ule mkeka,” akasema.

“Yamepita hayo, bwana. Zamu yako nani anaishika?”

Tangu siku hiyo, kila akitoka kwenye msumeno, jirani alipanga mbao za baba mpaka Magharibi. Nyapara alisema yeye anahesabu mbao, hahesabu miguu. Mungu ambariki naye. Baba alipona, nyumba ikabaki yetu, nami nikasoma mpaka darasa la nne nikitokea mlango ule ule.

Miti ya karibu ilipokwisha, mashine zilihamishwa. Mabati yakaezuliwa safu moja moja, upupu ukaota vyumbani. Jirani alikuja kuaga akiwa na jani la sale mkononi. Maana yake alikuwa ameshaijua siku nyingi.

“Unaomba msamaha wa nini?” baba akauliza.

“Wa kukunywesha ule uchungu.”

Baba alicheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka. Akampa mama lile jani. “Lichemshe,” akasema. “Safari hii tunywe wote.”

Nami nilipewa kikombe. Lilikuwa chungu kweli, na nilimaliza.