Uzi Mwekundu kwenye Futi

Mdogo wangu anayenifuata ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haimtoki shingoni. Hata kuoga anaoga nayo. Mkewe anakana, lakini wifi yangu yule hukana hata kilichomo sufuriani mwake.

Basi asubuhi moja Futi aliamka miguu imevimba, soksi zimemchora kama kamba ya mzigo. Hospitali wakasema figo zimechoka. Wakampa vidonge, wakamkataza chumvi, wakamwonyesha chupa moja: maji yako ya siku nzima ni haya, ukizidisha yatakujaa mpaka mapafuni. Na figo zikigoma kabisa, damu itasafishwa kwa mashine.

Hapo akanywea. "Dada, maisha yangu yote naendesha mashine mimi. Leo mashine iniendeshe?"

Nikacheka ili asiione hofu yangu. Moyo ulinidunda hadi vikombe vya jirani vikalia kabatini.

Hofu ikampeleka kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi, mama mpole mwenye vidole vya manjano kwa kusaga dawa. Nilimsindikiza. Akamshika mkono, akasikiliza mapigo, akamtazama ulimi. Akamwambia ale chakula chepesi, alale mapema, vidonge vya hospitali asiache hata kimoja. Kisha akampa unga wa mizizi wa kuchemsha. "Lakini kabla hujaonja, mwonyeshe daktari wako."

"Sawa, mama," Futi akaitikia kwa adabu zote. Hakumwonyesha. Aliogopa kukaripiwa.

Kila asubuhi alijipima kifundo cha mguu. Mimi namba sizijui, kwa hiyo nilimwambia ashone uzi mwekundu kwenye futi, pale kifundo kilipofikia, nami nione kwa macho yangu. Kifundo kikaupita uzi. "Futi imeloa, imesinyaa," akasema. Akanunua mpya, akahamishia uzi kwenye namba ileile. Ukapitwa tena. Akanipima mimi, akampima mkewe, akapima hata mguu wa meza. Sote tulikuwa vilevile.

"Unazidisha maji wewe!" wifi akamfokea.

"Chupa si ile pale? Kiu inaniua, na bado mnanisingizia!"

Na kweli, chupa ilikuwa juu ya cherehani, haijanywewa hata nusu.

Siku moja nikamkuta ameinamia meza, anahema, miguu haiingii hata kwenye kandambili. Chini ya kiti chake nikaona chupa kubwa ya chai.

"Hii nini?"

"Dawa... ya yule mama."

"Unakunywa kiasi gani?"

"Asubuhi naimaliza. Jioni... nachemsha nyingine."

"Juu ya maji yako?"

"Dada, hiyo ni dawa. Si maji."

Wifi akashika kichwa. Tukamtia kwenye teksi hivyohivyo, na ile chupa ya chai nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Daktari, binti mdogo tu, akaimimina dawa kwenye chupa sawa na ile ya maji yake ya siku. Ikajaa, ikafurika mezani, na ndani ya chupa ya chai bado imo. Hakukaripia. "Mzee, mwili haujui kama hii ni dawa. Kwake ni maji. Na mizizi yenyewe, kwa figo zilizochoka, inaweza kuwa mzigo mwingine."

Akampigia tabibu simu. "Si nilimwambia akuonyeshe kwanza!" mama wa watu akalia upande wa pili. Wakakubaliana: unga usimame kabisa, chakula chepesi na usingizi viendelee.

Futi akachomwa sindano ya kutoa maji, akawekewa oksijeni. Mimi na wifi tukakaa kwenye benchi, kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aolewe.

"Wifi, nitukane basi," akaniomba. "Ukinyamaza naogopa zaidi."

"Leo sina tusi."

Tulipoitwa ndani, alikuwa anapumua. Lakini figo zimeumia zaidi, daktari akasema. Habari ya mashine itategemea majibu ya damu. Futi akaivua futi shingoni, akanikabidhi. "Nipime wewe, dada. Mimi siwezi kutazama."

Nikaizungusha kifundoni. "Uzi umebaki nje. Kifundo hakiufikii tena."

"Kiasi gani?"

"Ukucha mmoja."

Wifi akaninyang'anya futi, maana huwa haniamini kwa lolote. Akapima. Akapima tena. Safari hii akanikuta nimesema kweli, akaketi chini akalia.